Jani la Msasa Kwenye Gitaa la Baba Yako

Mwanangu Gaudensia,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani Izia, ijapokuwa wakati naandika hata hujaondoka. Umekwenda Pito na mdogo wako Oresta kumuaga mama yako wa ubatizo, na mimi nimejifungia chumbani na daftari la Oresta la hesabu. Nimechomoa karatasi za katikati, atanisamehe. Barua hii nitaiweka ndani ya kasha la gitaa, chini ya kitambaa cha kufutia. Kwa hiyo ukiisoma utakuwa Mbeya tayari na mimi niko huku, na salamu zitakuwa za kweli.

Sisi sote hatujambo. Baba yako hajambo, yuko kibandani kwake anapiga randa mlango wa watu, huku anapiga mluzi, na sababu ya mluzi nitakueleza. Bibi yako hajambo ila magoti tu, baridi hii ya mwezi wa saba haimpendi. Tangu asubuhi ameniuliza mara tatu kama umeshaondoka. Nikimwambia bado, kesho, anasema, "Basi mwambieni asiondoke bila kuniaga," na wewe umeshamuaga jana na leo. Oresta hajambo, uko naye hukohuko, ila najua akirudi atalia, maana tangu juzi anajifanya hana habari. Mama Njile hajambo, amepanda jana kutoka bondeni Mtowisa na mchele wako, kilo sijui ngapi, amekaa jikoni kajifunika mablanketi mawili anasema sisi watu wa huku juu hatuna damu, tuna barafu. Anakusalimu sana. Hata yule mbuzi wako mweupe hajambo, asubuhi amekula ncha ya kamba ya kufungia mizigo, baba yako ameikata na kuifunga upya.

Wasiwasi wangu ni juu yako wewe. Umefikaje? Ulipata kiti cha dirishani? Lakini hayo ya safari, na ya kula, na ya nani umwamini na nani usimwamini, shangazi yako ameshayasema Jumapili nzima mpaka chai ikapoa. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na mitatu.

Ile alama nyeupe kwenye bega la gitaa, ile unayoifunika na leso kila ukipiga mbele za watu, si wewe uliyeiweka. Niliiweka mimi.

Nimeandika. Nimekwenda kunywa maji nimerudi. Sasa nikueleze.

Wewe ulikuwa na miaka saba. Baba yako alikuwa seremala kwenye karakana ya serikali, na karakana ilikuwa na bendi ya wafanyakazi, naye ndiye mpiga solo. Gitaa halikuwa lake, lilikuwa la karakana, ila aliruhusiwa kulala nalo nyumbani kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kulitunza kama yeye. Lilikuja limeshatumika, limetoka nje ya nchi, na hata wakati ule lilikuwa limezeeka. Unaijua rangi yake: katikati njano ya mahindi yaliyokauka, ukienda pembeni inakuwa kahawia, ukingoni kabisa nyeusi. Mimi nilikuwa nalichukia.

Ndiyo, nalichukia. Siku hizi unaniona nalipisha njia kama mgeni, lakini zamani haikuwa hivyo. Baba yako alikuwa anarudi kazini, kabla hajaniuliza habari za mchana, analifungua kasha. Analifuta, analinusa, analiweka tena. Wenzake wa bendi wakija nyumbani wananitania, "Shemeji, mke mwenzio hajambo?" Nami nacheka, lakini moyoni hapana. Siku moja nikashindwa. Tulikuwa tunakula ugali, baba yako anatafuna huku anapiga nyuzi kwa mkono mwingine, nikasema mbele ya wenzake wote, "Iko siku nitalikwangua hilo gitaa kama sufuria, tuone utalala na nini." Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Baba yako hakucheka.

Lishike neno hilo, maana ndilo lililonifunga mdomo baadaye.

Baada ya siku ile tulikaa wiki mbili tunaongea ya chumvi na kuni tu. Mimi ndiye niliyekosa na nilijua, lakini kusema "nisamehe" kulikuwa kunanishinda tangu utoto, mama yangu alikuwa hivyohivyo. Nikatafuta njia ya kusema bila kusema. Bendi ilikuwa na dansi kubwa Jumamosi, wageni wa mkoa wanakuja. Nikasema, nitamsafishia gitaa lake. Akilifungua kesho liking'aa, ataelewa mwenyewe.

Sasa mimi nilikuwa mke wa seremala. Nilikuwa nimemwona baba yako miaka yote anavyofanya. Wakati ule karatasi ya msasa madukani hakuna, sabuni yenyewe ni foleni, kwa hiyo alikuwa anatumia majani ya mti wa msasa, yale makavu yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mama Njile ndiye alikuwa anamletea fungu zima kutoka bondeni, sisi tunampa maharage. Kiti kinatoka kwenye randa kimechafuka, baba yako anakisugua na jani taratibu, anakipaka nta, kinakuwa laini unaweza kujiona uso. Nikasema mbao ni mbao. Hakuna aliyeniambia kwamba gitaa lile halikuwa mbao tupu, lilikuwa limevikwa kitu chembamba juu, chembamba kuliko ganda la kitunguu, na rangi yote iko kwenye kile kiganda.

Ijumaa mchana baba yako hayupo, wewe uko uani. Nikalitoa, nikaliweka kitandani. Pale begani, mahali mkono unapolalia, palikuwa na utando wa jasho na moshi wa kumbi. Nikachukua jani nikaanza. Mwanangu, lilikuwa linatoka vizuri! Unga wa kahawia unadondoka, mimi nafurahi, nasema kumbe lilikuwa chafu hivi. Nikaongeza nguvu. Nikapangusa na khanga nitazame.

Pamekuwa peupe. Kama mtu mwenye mba.

Nikapaka mafuta ya taa. Likang'aa! Nikashukuru Mungu. Likakauka, peupe palepale, na sasa panateleza vibaya na kunuka koroboi. Nikachukua rangi ya viatu ya kahawia nikapaka, ikagandamana kama matope, nikaikwangua na ukucha, na ukucha ukaacha mistari. Kila nilichofanya kufunika kilizidisha. Nikalirudisha kasheni, nikafunga, nikaenda kupika.

Na wewe muda wote ule ulikuwa umeokota jani moja la msasa lililodondoka, umekaa mlangoni unasugua kigoda chako cha kukalia, unaimba.

Jumamosi jioni baba yako alilifungulia ukumbini. Alipiga dansi zima amepafunika pale mahali kwa mkono wa shati. Alirudi akaliweka mezani, akawasha taa, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kagusa gitaa?"

Wewe ulikuwa umeamka, umesimama na gauni la kulalia, na jani lako mkononi, ulikuwa umelala nalo. Baba yako akalitazama jani. Akakuuliza, "Gau, uligusa gitaa?" Na wewe ukasema, "Ndiyo, baba." Kwa sababu ulikuwa umeligusa kweli. Kila siku ulikuwa unaingiza kidole kwenye kasha unatekenya uzi mmoja unakimbia. Yeye anauliza hili, wewe unajibu lile, na mimi katikati yenu ndiye peke yangu niliyejua.

Nilifungua mdomo, nakuapia. Lakini lile neno langu la kukwangua likanirudia. Nikasema, nikitamka ni mimi, ataona nilikusudia. Hataamini habari ya kusafisha hata kidogo. Mtoto atasamehewa, mtoto ni mtoto. Ndivyo nilivyojiambia, na ona nilivyokosea hesabu.

Hakukuchapa. Alisema tu, "Usiliguse tena mpaka nitakapokwambia." Na hakukwambia kwa miaka saba.

Sasa, sitaki ulie Mbeya huko ugenini. Nikukumbushe lililofuata, maana mimi kila nikikumbuka nacheka peke yangu. Uliponyimwa la njano ukatengeneza lako. Galoni la mafuta ya kula, ubao, na nyaya za breki za baiskeli ulizozichambua moja moja. Kelele zake! Bibi yako akasema kuna paka amenaswa kwenye bati. Mbuzi walikuwa wakikusikia wanahama. Nawe hukuacha, unakwenda nyuma ya kibanda cha baba yako unakwaruza mpaka giza. Mimi nikisikia nachomwa, wakati huohuo nafurahi, sijui moyo unawezaje mambo mawili.

Wakati huo ruksa ya biashara ilikuwa imeshafika hata kwetu, maduka yamejaa, karakana ikafungwa. Vifaa vya bendi vikagawanywa, kila mpigaji akaondoka na alichokizoea, na gitaa likawa la baba yako kabisa. Lakini alikuwa halipigi. Linakaa chini ya kitanda. Mpaka ile siku ya kuvuna ulezi, ulikuwa na miaka kumi na minne, tumerudi shamba tumechoka, tukasikia kule nyuma ya kibanda solo yake mwenyewe, ile ndefu aliyokuwa anafungia dansi. Imetoka kwenye galoni. Na katikati umeweka vidole vyako, umeipindisha mahali yeye hakuwahi kuipindisha.

Baba yako akatua mzigo. Akaniuliza, "Mama Gau, nani kamfundisha?"

Nikamwambia, "Wewe. Ulikuwa unapiga mezani tunakula."

Akaingia ndani na viatu vya shamba, akalivuta kasha, akalipiga kofi vumbi likaruka, akatoka nalo uani. Alikuwekea tu magotini. Na wewe, ulifanya nini? Kabla hujagusa uzi hata mmoja ulifunika ile alama na kiganja chako, ukasema, "Baba, nitaliangalia vizuri." Kila mtu pale uani alikuwa anacheka kwa furaha, mama jirani anapiga vigelegele, na mimi nikaingia jikoni.

Ningesema siku ile. Sikusema. Nikaona mambo yameshapona, ya nini kuyachokoa. Nilidhani umesahau. Leso ile nikadhani ni maringo ya jukwaani.

Kilichonitoa humo ni jambo la wiki iliyopita. Barua ya kukuita Mbeya imefika, yule rafiki wa baba yako wa bendi ya zamani amefungua ukumbi wake anataka mpiga rithimu, nyumba nzima inaruka, hata bibi yako kacheza na fimbo. Halafu nikakusikia chumbani unamwambia Oresta, "Mimi kwenda nitakwenda, lakini gitaa la baba sichukui. Nitaliharibu tena. Mimi nina mkono mbaya."

Tena. Umelisema kama mtu anayetaja jina lake. Oresta akakwambia, "Dada acha utani, wewe mkono mbaya? Uko fiti kuliko wote!" na wewe ukamwambia, "Hujui wewe, ulikuwa hujazaliwa."

Siku tatu sikulala vizuri. Nikasema huyu mtoto atasimama mbele ya watu maisha yake yote anaomba msamaha kwa kosa langu. Leo asubuhi, mlipokwisha ondoka kwenda Pito, nikaenda kibandani. Baba yako anapiga randa. Nikasema, "Baba Gau, lile bega la gitaa ni mimi. Kwa jani la msasa. Mtoto hakufanya chochote."

Randa ikasimama. Akaniuliza swali moja tu. "Ulikuwa na wivu?"

Nikamjibu kweli. "Wivu nilikuwa nao mwingi. Lakini siku ile nilikuwa nasafisha."

Akageuka akaendelea na ubao. Aliuranda na kuuranda ule ubao, Gau, mpaka nikaogopa mlango wa watu utabaki karatasi. Mama Njile akaja na blanketi lake kutazama kuna nini, nikamweleza. Akashika kichwa. "Majani yangu?" anasema. "Yaani mimi ndiye nilibeba silaha kutoka Mtowisa?" Na baba yako, aliyekuwa amenuna, akatoa sauti kama mtu anayekohoa, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akakaa juu ya maranda akacheka mpaka akafuta macho, kisha macho yakaendelea kutoa machozi hata kicheko kilipokwisha. Akasema, "Miaka saba nimemnyima mtoto. Miaka saba alipiga galoni." Akasema hivyo mara mbili. Halafu akasema, "Lete hilo gitaa. Leo utajifunza kusafisha."

Basi tumelisafisha, mimi na yeye, uani, kwenye jua. Mara ya kwanza naligusa tangu Ijumaa ile. Na kwa kuwa nimejifunza leo, nakuandikia kama nilivyosikia, hata kama mengine unayajua kunishinda.

Kwanza alinitia kitambaa mkononi, fulana yake ya ndani ya zamani ya pamba, imefuliwa mpaka imelegea. Ndiyo hiyo iliyo juu ya barua hii, usiitupe ukadhani ni tambara. Akasema pulizia pumzi yako kama unavyopulizia kioo, halafu futa kabla haijakauka. Nikamwuliza, "Hivyo tu?" Akasema, "Hivyo tu, Mama Gau. Jasho la leo lifutwe leo, la miaka kumi halitakuwepo." Pakigoma, unalowesha ncha ya kitambaa kwa maji kidogo mno, unaikamua mpaka hakuna tone, unafuta, na upande mkavu unafuata papo hapo. Maji yasimwagwe juu yake kamwe. Nilipoanza kukaza mkono akanishika kiwiko. "Unakanda unga? Acha kitambaa kifanye kazi." Ninaona aibu kukwambia, lakini nilipenda alivyonishika.

Nikaona mistari myembamba kama nywele imetambaa mgongoni, nikasema huu uchafu umeingia ndani, nikaanza kuufuatilia. Akanipiga kikofi mkononi. Eti ule si uchafu, ni kiganda kimezeeka kikapasuka chenyewe, kwa baridi na joto. Alinisimulia walivyokwenda kupiga Mtowisa wakati wa baridi kama hii. Wameteremka na gari, gitaa limepoa kama jiwe, na kule chini joto. Yeye kwa haraka akafungua kasha palepale, akasikia tik, tik. Mingi ya mistari ile ni ya siku hiyo. Mama Njile akasema, "Kumbe na baba naye yumo!" Ndiyo, na baba naye yumo. Kwa hiyo ukifika mahali likiwa na baridi ya safari, liache ndani ya kasha lipumzike mpaka liuzoee mji, ndipo ufungue. Natumaini hukufungua haraka kwa kuitafuta barua ambayo hukujua ipo.

Vile vyuma vya shingoni vilikuwa vimefifia. Alilegeza nyuzi, akazifunika zile sumaku za chini ya nyuzi kwa karatasi, akaibandika pembeni kwa utepe wa gundi, maana unga wa chuma ukinaswa na sumaku hautoki. Yeye anasugua, mimi nashika. Ule mti mweusi wa shingoni ameupitishia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa, moja tu, na kufuta lote. Mwilini kwenye rangi hapana, hayaendi kabisa. Mafuta ya taa usiseme. Spiriti anasema inayeyusha kile kiganda kama sukari. Na yale makopo mapya ya kupuliza, yanayojaa madukani siku hizi, yenye picha ya meza inayong'aa, wewe mpishe dukani anayeyasifia. Zamani tuliharibu kwa kukosa, ninyi msiharibu kwa kupata. Na usiliegemeze kwenye mpira, wala kandambili wala kipande cha tairi, kinang'ang'ania rangi na kuitafuna. Ukitaka kujaribu kitu chochote kipya, jaribu kwanza mgongoni pale pa kufichika, padogo kama punje. Mimi ningejaribu pale kwanza, tusingekuwa na barua hii.

Tulipofika kwenye alama yenyewe nikasita. Nikamwuliza kama hawezi kuipaka vanishi, siku hizi vanishi ipo ya kila aina. Akasema aliwahi kununua kopo, likakauka halijafunguliwa, kwa sababu kiganda kipya juu ya cha zamani kinashikana vibaya, na ukilipaka upya lote hilo si gitaa lile tena. Tukapafuta hivyohivyo, kwa pumzi na fulana, yeye upande huu mimi upande ule. Pamebaki peupe. Lakini pameng'aa kidogo, nadhani, au ni macho yangu.

Sasa unajua kwa nini anapiga mluzi. Alitaka akwambie mwenyewe leo ukirudi, nikamwomba aniachie, kwa kuwa kosa ni langu na mdomo uliofungwa ni wangu. Amekubali, ila amesema gitaa atakukabidhi mwenyewe stendi kesho, hata ukilikataa, na lake pia utalipata hapohapo. Kama alikukumbatia mbele za watu muda mrefu kuliko kawaida yake na ukashangaa, wakati ule ulikuwa hujajua sababu. Sasa unaijua.

Gau mama, najua utajiuliza mbona sikukwambia usoni, siku zote hizi tumelala nyumba moja. Nilifikiri sana. Ningekwambia usoni, ungeniona nalia, ungenikumbatia na kusema yameisha mama. Nakujua. Ungenisamehe kabla hujapata nafasi ya kukasirika, kisha hasira ungeibeba kwenye basi peke yako. Sikutaka hivyo. Mimi nimeshakufanya ubebe kitu changu mara moja.

Kwa hiyo kasirika kwanza. Kaa nayo siku mbili tatu. Piga gitaa bila leso, watu waone, na wakikuuliza sema mama yangu ndiye, alikuwa anasafisha. Halafu andika. Nimeona vumbi lenu kule njiani, Oresta anakimbia mbele, lazima nikunje karatasi. Basi la kurudi huku lipo Alhamisi, konda wake baba yako anamfahamu, mpe barua mkononi. Usingoje hela ya stempu wala usingoje habari nzuri ya kuandika. Mstari mmoja unatosha, na kama mstari wenyewe ni wa hasira niletee hivyohivyo, nitausoma mlangoni nimesimama. Alhamisi hiyo hiyo, mwanangu, si ya pili yake.

Mimi mama yako.